Glutamini na Selimundu: Soma Hapa Kabla Hujanunua Kopo

Unga wenyewe ni mweupe na hauna harufu ya kutajika. Ukiukoroga kwenye kikombe cha maziwa, mtoto hatajua kama umo. Huuzwa kwenye makopo ya plastiki, mengi yakiwa na picha ya mwanamume mwenye misuli, na kwenye lebo pameandikwa L-glutamine. Lakini kopo hilo unaweza kulikuta katika nyumba ambayo hakuna mtu anayeinua vyuma. Limeletwa na shangazi kutoka Nairobi, au limeagizwa kwa simu na kuja na matatu, kwa sababu mtu wa familia amesikia kwamba ni dawa ya asili ya selimundu, ugonjwa ambao wengi wetu huuita siko seli.

Wazazi huuliza swali hili kliniki, wengine kwa sauti ya chini kana kwamba wanaogopa kukemewa. Je, ni kweli inasaidia? Na kama ni kweli, mbona hospitali haikuniambia?

Habari hiyo ina ukweli ndani yake. Glutamini si uzushi wa mchuuzi wa sokoni. Imefanyiwa utafiti wa kisayansi na nchi moja kubwa imeiidhinisha kama dawa ya selimundu. Lakini ukweli huo umefika kwetu nusu. Nusu iliyobaki njiani ndiyo inayoweza kumgharimu mtoto, na ndiyo tunayotaka kuieleza hapa.

Kwa nini jambo hili linatuhusu sisi

Mwaka 1949 daktari kijana aitwaye Anthony Allison, aliyelelewa hapa Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi. Aligundua kwamba chembechembe za selimundu zilikuwa nyingi kwa watu wa Pwani na wa kando ya Ziwa Victoria, na chache sana kwa watu wa nyanda za juu. Alijiuliza kwa nini, na mwaka 1954 akachapisha jibu: mahali penye malaria nyingi, mtu aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana hali hiyo imedumu katika damu ya watu wa Migori, Homa Bay, Siaya, Kisumu na Busia. Hakuna laana wala kosa la ukoo.

Katika jamii za kando ya Ziwa, karibu mtu 1 kati ya 5 hubeba chembechembe hizo bila kuumwa. Watu hao huitwa AS. Wawili wa aina hiyo wakizaa pamoja, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto wa SS, yaani mgonjwa. Nafasi hiyo hurudi upya kwa kila mimba. Wapo wazazi waliopata watoto watatu wazima wakadhani zamu ya mgonjwa imewapita, na wapo waliopata wagonjwa wawili mfululizo. Baba asiseme ugonjwa umetoka kwa mama. Mtoto wa SS amepokea kutoka pande zote mbili.

Hapa kuna jambo linalochanganya watu. Kinga dhidi ya malaria ni ya mtu wa AS. Mtoto wa SS hana bahati hiyo. Malaria ikimpata hummaliza damu haraka. Ndiyo sababu watoto wenye selimundu hupewa dawa ya kuzuia malaria hata wakiwa wazima, na ndiyo sababu Homa Bay imewahi kuwa uwanja wa utafiti uliofuatilia watoto 246 wenye ugonjwa huu, wote wadogo, ili kulinganisha dawa tatu za kuzuia malaria.

Asidi amino, na herufi moja iliyokosewa

Protini zote mwilini zimejengwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino, kama ukuta ulivyojengwa kwa matofali. Ukila omena, ngege, maharagwe, mayai au maziwa, tumbo huvunja protini hizo kuwa vipande, kisha mwili hujenga zake. Glutamini ni moja ya vipande hivyo, na ndiyo iliyo nyingi kuliko zote katika damu ya binadamu. Mtu mzima mwenye afya hahitaji kuinunua. Mwili wake huitengeneza wenyewe.

Selimundu nayo ni ugonjwa wa asidi amino moja. Mwaka 1956 mwanasayansi Vernon Ingram alionyesha kwamba himoglobini ya mgonjwa inatofautiana na ya mtu mzima kwa kipande kimoja tu katika mnyororo mrefu: palipotakiwa kuwa na asidi glutamiki pamekaa valini. Kwa kosa hilo dogo, chembechembe nyekundu zinapokosa hewa hujikunja kama mundu, hukwama kwenye mishipa midogo, na mtu hupata yale maumivu ya mifupa yanayomfanya mtoto alie usiku kucha.

Sasa, majina yanafanana. Glutamini, asidi glutamiki. Kuna wanaouza unga huu kwa maelezo kwamba unarudisha kile kilichopotea katika damu. Si kweli. Kosa la selimundu liko katika maagizo ya urithi yaliyo ndani ya seli, na hakuna unga unaoliwa unaobadilisha maagizo hayo. Ukimpa mtoto wa SS glutamini kwa miaka kumi, kipimo chake kitasoma SS vilevile. Yeyote anayekuambia unga huu unaponya selimundu, mwache na kopo lake.

Kazi ya glutamini ni nyingine. Chembechembe nyekundu za mgonjwa huchakaa upesi, kwa namna inayofanana na chuma kinachoshika kutu. Ili kupambana na uchakavu huo hutumia glutamini nyingi kuliko chembechembe za mtu mwingine. Wazo la watafiti lilikuwa kwamba ukiongeza glutamini, chembechembe zitastahimili zaidi na zitakwama mara chache zaidi.

Utafiti ulionyesha nini hasa

Wazo hilo lilijaribiwa Marekani kwa wagonjwa 230 wenye umri wa miaka 5 hadi 58. Baadhi walipewa glutamini na wengine unga usio na dawa, kwa wiki 48, na hakuna aliyejua amepewa kipi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Kwa kiwango cha kati, waliopewa glutamini walipata vipindi 3 vya maumivu makali katika muda huo, na wale wengine vipindi 4. Kulazwa hospitalini kulikuwa mara 2 kwa mara 3. Tatizo la hatari la kifua liliwapata takriban 9 kati ya 100 wa kundi la glutamini, na 23 kati ya 100 wa kundi lingine. Kabla ya hapo, Julai 2017, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilikuwa imeiidhinisha kwa wagonjwa wa miaka 5 na zaidi, kwa jina la biashara Endari.

Tusome takwimu hizo polepole. Maumivu manne yamekuwa matatu. Kwa mtu anayejua maumivu ya selimundu, kupunguziwa kipindi kimoja si jambo la kudharau, na mama aliyelala na mtoto wodini atakuambia hivyo. Lakini hayakwisha. Tena, zaidi ya theluthi moja ya waliokuwa wakipewa glutamini waliacha utafiti kabla haujakamilika. Hilo lilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowatia shaka wataalamu wa dawa wa Ulaya, ambao mwaka 2019 walikataa kuipendekeza. Kwa hiyo wataalamu wawili wenye nia njema wanaweza kukupa majibu tofauti kuhusu unga huu, na wote wasiwe waongo.

Jambo lingine halitajwi kabisa na wauzaji. Karibu theluthi mbili ya wagonjwa wa utafiti ule walikuwa wakitumia pia haidroksiyurea, dawa ya kawaida ya selimundu, na waliendelea nayo. Glutamini ilijaribiwa juu ya matibabu. Haikujaribiwa badala yake.

Dawa zisizoachwa

Hapa ndipo tunapoona hatari kubwa kuliko unga wenyewe. Mzazi akipata kitu kinachoitwa cha asili, moyo humpa kuacha zile dawa za kemikali. Fedha nazo zina mipaka. Shilingi iliyonunua kopo haiwezi kununua haidroksiyurea mwezi huohuo.

Haidroksiyurea ina ushahidi mzito zaidi kwa watoto wa Afrika kuliko glutamini. Utafiti uitwao REACH, uliofanywa Luanda, Kinshasa, Mbale nchini Uganda na Kilifi hapa kwetu, ulifuatilia watoto wapatao 600 wa umri wa mwaka 1 hadi 10. Matokeo yake yalitoka mwaka 2019. Vipindi vya maumivu vilipungua kwa zaidi ya nusu, malaria ikapungua kwa karibu nusu, haja ya kuongezewa damu ikashuka, na vifo pia vikashuka. Dawa hii huhitaji kupimwa damu mara kwa mara, na haifai kwa mama mjamzito. Hayo ni mambo ya kupanga na daktari. Lakini kama mtoto wako tayari anaitumia na anaendelea vyema, usiibadilishe na unga wa kopo.

Penisilini ni ya pili. Mtoto wa SS huipata kila siku tangu miezi yake ya kwanza hadi afikishe angalau miaka 5, kwa sababu wengu wake haufanyi kazi yake ya kuchuja vijidudu. Bila penisilini na bila chanjo, homa ya asubuhi inaweza kuwa msiba wa jioni. Glutamini haizuii bakteria hata mmoja. Haizuii malaria pia, kwa hiyo dawa ya kuzuia malaria na chandarua vinabaki palepale.

Asidi foliki huendelea pia, lakini angalia kibandiko. Vidonge wanavyopewa akina mama wajawazito mara nyingi huwa na madini ya chuma pamoja na asidi foliki. Mgonjwa wa selimundu, hasa aliyewahi kuongezewa damu mara kadhaa, huenda tayari ana chuma kingi mwilini kinachoharibu ini na moyo. Zile chupa nyekundu za dawa ya kuongeza damu zinazouzwa dukani bila cheti nazo zina chuma. Asipewe bila daktari kusema. Na kwa kuwa makopo mengi ya wanamichezo yana mchanganyiko wa madini na vitamini, chuma kinaweza kuwa humo humo ndani ya unga ulioununua kwa ajili ya glutamini.

Nani asiguse kabisa

Mtoto wa chini ya miaka 5 asipewe. Utafiti haukuwahusisha watoto wa umri huo, na wao ndio wanaokufa zaidi kwa ugonjwa huu, hivyo kila shilingi na kila juhudi iende kwenye penisilini, chanjo, dawa ya kuzuia malaria na kliniki.

Mtu mwenye ugonjwa wa figo au ini asipewe bila daktari anayemjua. Mwili unapovunja glutamini hutoa amonia, na kazi ya kuisafisha ni ya ini na figo. Selimundu yenyewe huharibu figo kimyakimya kadiri mtu anavyokua, hivyo mgonjwa wa miaka 30 anaweza kuwa na figo dhaifu bila kujua. Kipimo cha mkojo na cha damu kitaonyesha. Kiombe kifanywe kabla ya kopo kufunguliwa.

Mgonjwa mahututi asipewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliohusu wagonjwa 1,223 waliokuwa katika vyumba vya wagonjwa mahututi huko Kanada, Marekani na Ulaya, ulikuta kwamba waliopewa glutamini kwa dozi kubwa walikufa kwa wingi zaidi kuliko ambao hawakupewa. Hao hawakuwa wagonjwa wa selimundu, ni kweli, na viungo vyao kadhaa vilikuwa vimeshindwa. Lakini jamaa wengine hufika wodini na unga mfukoni wakamnywesha mgonjwa kwa siri usiku, wakidhani kitu cha asili hakiwezi kudhuru. Tafadhali msifanye hivyo. Mwambieni muuguzi.

Mama mjamzito au anayenyonyesha azungumze na daktari kwanza, maana usalama wake katika hali hiyo haujathibitishwa.

Kuhusu hilo neno asili: unga huu haukuchimbwa porini wala kukaushwa kutoka jani. Hutengenezwa viwandani, kwa kawaida kwa kuchachusha sukari kwa bakteria. Hilo si kosa, penisilini nayo imetoka kwenye kuvu. Ila tusidanganyane kwamba ni mboga.

Kama daktari amekubali

Dozi hufuata uzito. Iliyoidhinishwa Marekani ni hii: mtu wa chini ya kilo 30 hutumia gramu 5 asubuhi na gramu 5 jioni, wa kilo 30 hadi 65 hutumia gramu 10 mara mbili, wa zaidi ya kilo 65 gramu 15 mara mbili. Mtoto apimwe uzito kliniki, asikadiriwe kwa macho. Mtoto wa selimundu mara nyingi huwa mdogo kuliko umri wake, na mzazi akikadiria kwa umri atamzidishia.

Kijiko cha chai si kipimo. Kijiko cha nyumba moja hubeba tofauti na cha nyumba nyingine, na unga ulioshindiliwa huwa mzito kuliko uliokaa huru. Tumia kipimo kilichomo ndani ya kopo ikiwa gramu zake zimeandikwa, au umwombe mfamasia akupimie kwa mizani na akuonyeshe alama ya kufikia.

Unga huchanganywa na kinywaji baridi au cha vuguvugu la kawaida la chumba, kiasi cha mililita 240, ambacho ni kama kikombe kimoja kikubwa. Maji, maziwa, mala, juisi, vyote vinafaa. Si lazima uyeyuke wote. Chai inayotoa mvuke na uji unaotoka jikoni havifai, kwa sababu joto huharibu glutamini. Changanya wakati wa kunywa. Usikoroge chupa ya siku nzima ukaiweka mtoto aende nayo shuleni, kwani glutamini ikikaa majini huharibika pia. Ukisahau dozi moja, nywa ukikumbuka, lakini usinywe mbili pamoja ili kufidia.

Madhara yaliyoonekana zaidi ni kufunga choo, kichefuchefu, kuumwa na kichwa, maumivu ya tumbo, kikohozi, na maumivu ya mikono, miguu, mgongo au kifua. Hayo ya mwisho ni mtego. Maumivu ya kifua kwa mgonjwa wa selimundu yasihesabiwe kuwa madhara ya unga mpaka daktari amsikilize mapafu.

Sasa hesabu ya mfuko. Mtoto wa kilo 20 atatumia gramu 10 kwa siku, yaani gramu 300 kwa mwezi. Kopo la gramu 300 litamfikisha siku 30. Kijana wa kilo 50 atatumia gramu 20 kwa siku. Kopo lilelile litaisha siku ya 15. Mtu mzima wa kilo 70 atalimaliza kwa siku 10, hivyo anahitaji makopo matatu kila mwezi. Utafiti ulidumu karibu mwaka mzima. Mtu akinunua kopo moja, akalitumia mpaka likaisha, akaacha kwa sababu fedha zimekwisha, hajajaribu kile kilichojaribiwa kule. Chukua bei uliyotajiwa dukani, izidishe kwa idadi ya makopo ya mwaka, kisha uangalie kama nauli ya kliniki na malipo ya SHA bado yamebaki. Kama hayajabaki, kwa maoni yetu fedha hizo ziende kliniki.

Kulikagua kopo

Unga unaouzwa kwa wajenga misuli mara nyingi huwa mchanganyiko. Soma orodha ya viungo. Ukiona kafeini, kreatini, chuma au majina mengi usiyoyajua, rudisha. Unachotafuta ni glutamini peke yake, yenye namba ya toleo, tarehe ya kuisha muda na jina la mtengenezaji. Unga uliopimwa upya kwenye karatasi ya nailoni, hata ukiuzwa kwa bei nafuu na mtu unayemfahamu, hakuna anayeweza kuthibitisha ni nini. Mpakani Isebania bidhaa huingia na kutoka kila siku, na mlolongo wa mikono iliyoshika kifurushi huwa mrefu.

Nunua kwenye duka la dawa lenye leseni ya Bodi ya Dawa na Sumu. Leseni hutundikwa ukutani na una haki ya kuomba kuisoma. Muulize mfamasia kama bidhaa hiyo imesajiliwa. Kama kopo lina alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, tazama namba iliyo chini ya alama, kisha tuma ujumbe mfupi wenye SM# ikifuatwa na namba hiyo kwenda 20023, na utajibiwa ni kampuni gani ilipewa kibali hicho. Jina likitofautiana na la kopo, usilitumie.

Usingojee unga ufanye kazi

Kuna dalili ambazo hazisubiri asubuhi, ziwe zimetokea kabla ya glutamini au baada yake. Homa ya nyuzi 38 au zaidi. Kifua kuuma au pumzi kukata. Weupe wa ghafla wa viganja, midomo na ndani ya macho. Tumbo kuvimba upande wa kushoto chini ya mbavu, ambako wengu upo. Mama anaweza kufundishwa kliniki kuupapasa wengu, na mtoto akiwa mzima aupapase mara kwa mara ili ajue ukubwa wake wa kawaida. Mdomo kupinda, mkono au mguu kulegea, usemi kupotea. Maumivu ambayo parasetamoli na maji mengi havijayatuliza. Kwa mvulana au mwanamume, uume kusimama kwa maumivu zaidi ya saa 2. Wengi huona aibu kusema, na aibu hiyo imewaachia wengine ulemavu wa kudumu.

Katika hali yoyote kati ya hizo nenda kituo cha afya kilicho karibu, usiku uleule. Sema neno selimundu mara tu unapofika mapokezi, ili mgonjwa asiwekwe nyuma ya foleni. Walio visiwani na pembezoni mwa Ziwa wajue mapema boti ya nani inaweza kutoka usiku.

Ambaye hajapimwa anaweza kuulizia kipimo katika hospitali ya kaunti ndogo iliyo karibu naye, au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Migori na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kaunti ya Homa Bay. Vipo vipimo vya haraka vinavyotumia tone moja la damu, na mtoto mchanga anaweza kupimwa. Wachumba nao wapimwe kabla ya harusi. Wakikuta wote ni AS, uamuzi ni wao, lakini wataamua wakijua. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako anaweza kukuelekeza.

Kama tayari una kopo nyumbani na umekuwa ukilitumia, usilifiche na usiliache kwa hofu ya kugombezwa. Siku ya kliniki libebe lenyewe, pamoja na kijiko unachopimia, kitabu cha kliniki, na vidonge vingine vyote anavyokunywa mgonjwa, ukijumuisha vya mitishamba. Mweleze daktari ulianza lini, unampa mara ngapi kwa siku na umeona nini. Kama kumekuwa na madhara, mfamasia wa hospitali atayaandika na kuyapeleka kwa Bodi ya Dawa na Sumu. Uliza kama figo zimepimwa mwaka huu.